Ramani Yenye Nyumba ya Masele

Shinyanga,
9 Septemba 2023

Shangazi yangu Paskazia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa sebuleni, miguu juu ya kigoda, maana siku hizi viatu vyangu vyote vimenikataa. Mimba ina miezi mitano. Mume wangu Theonest hajambo, anakusalimu na kusema karanga ulizotuma zimeisha na hajui ziliishaje. Mgongo wako unasemaje? Na mwanao Luka, amerudi shambani au bado anatafuta dhahabu?

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Wewe mwenyewe ulinionya kwamba kitochi cha Luka kimeharibika, ukiongea nacho mpaka jirani anaitikia. Haya ninayotaka kusema ni ya ukoo. Barua nitampa Abdul, kondakta wa basi la Runzewe, aiache dukani kwa Mama Shadya, nawe utaichukua siku ya mnada.

Sasa sikiliza. Shuleni kwetu tuliletewa sanduku la bati lenye ramani kuukuu, ofisi fulani ilikuwa inahama wakasema watoto wajifunzie. Mwalimu wa jiografia ni mimi, kwa hiyo vumbi lote lilikuwa langu. Nyingi zimeliwa na mchwa. Moja imepona, imechorwa kwa mkono na Mzungu mtafuta madini mwaka 1951. Niliikunjua mezani nikaona kilima cha Mwalugesha. Nikaona kijito chetu, na lile jiwe bapa la kuanikia mtama. Ng'ambo ya kijito pana kijumba kidogo na maneno yanayosema hapo ni nyumba ya Masele. Shangazi, nililia mbele ya wanafunzi. Babu yangu yuko kwenye ramani.

Alhamisi nilikipa Kidato cha Tatu kazi ya kuinakili kwenye madaftari yao, mraba kwa mraba, kama tunavyofanya na ramani zote. Wengine wamekichora kilima kama kiazi. Ila msichana mmoja, Blessing, amenakili kila kitu, hata vitu nisivyovielewa mimi, kwa sababu kona yenye maelezo ya alama imechanika. Kuna kisanduku cheusi chenye msalaba, na nukta nyingi zinazotoka hapo kuelekea magharibi.

Baba alikufa bila kuniambia neno juu ya baba yake, alikuwa mchanga mno babu alipofariki. Umebaki wewe. Niambie alikuwa mtu wa namna gani. Mtoto akiwa wa kiume nataka nimwite Masele.

Wako,
Apolonia


Mwalugesha,
1 Oktoba 2023

Mwanangu Apolonia,

Marahaba. Barua yako imekaa dukani kwa Mama Shadya wiki mbili kwa sababu mgongo ulinizuia kwenda mnadani. Mimi mzima wa kuchechemea. Mtama umetosha, mahindi yamedanganya. Ng'ombe mweupe amezaa. Theonest mwambie karanga haziishi zenyewe.

Luka yuko na wenzake wawili, Marwa na Mwigulu. Wamechimba duara, shimo lao la dhahabu, pale karibu na jiwe la kuanikia mtama, wanasema mwamba unaonyesha dalili. Wameweka matimba ya miti kuzuia udongo, na kamba na roda ya kupandishia. Wanashuka asubuhi, wanatoka jioni wekundu wote, siwezi kumtambua wangu ni yupi mpaka acheke. Amefika miaka thelathini na tisa, hasikii la mama.

Mama Nelly, yule mjane wa kitongoji cha pili aliyekuwa akikukaangia kumbikumbi, amehama. Amekwenda kwa mwanawe Nkome, kuanika dagaa. Alikuta kitu mlangoni pake asubuhi. Usiniulize kitu gani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni kama yangu tu, lakini siku hizi macho ya mwanamke mzee yana wasomaji wengi kuliko gazeti, na wote wanasoma uchawi.

Kuhusu babu yako. Alikuwa mrefu. Alikufa kwa ndui nikiwa na miaka tisa, watu waliogopa kusogea, mama yangu akamzika mwenyewe zizini, kama mwenye mji anavyozikwa. Zizi ni lile boma la minyaa tunapomwaga pombe kila mwaka. Umeliona tangu utoto. Hadithi imeisha hapo.

Jina hilo usimpe mtoto. Majina mazuri ni mengi. Na uniambie, ramani hiyo wameiona watu gani?

Shangazi yako,
Paskazia


Shinyanga,
14 Oktoba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ng'ombe mweupe. Mimi niko hivyohivyo, ila shinikizo la damu limepanda kidogo, nesi ananitisha kwa kidole.

Nisamehe, nimesoma barua yako mara tatu na kila mara naishia kujiona mtu aliyefungiwa mlango. Mtu aliyenifundisha kuhesabu vizazi vyetu mpaka cha saba ananiambia baba yake alikuwa mrefu, basi. Watu walioiona ramani ni wanafunzi na mwalimu mwenzangu Rhoda. Mbona unauliza kama askari?

Kuna kitu kinanisumbua, nakitaja kwa sababu ni wewe. Kwenye ramani, nyumba ya babu iko ng'ambo ya kijito, na zizi lake limechorwa hapohapo ubavuni mwa nyumba, kila mtu angelitegemea hapo. Lakini boma la minyaa liko upande wa huku wa kijito. Nimepima kwa rula, kutoka kilimani, kutoka kwenye jiwe, kutoka kijitoni. Pale lilipo boma la minyaa, Mzungu hakuchora zizi. Alichora kile kisanduku cheusi chenye msalaba. Nani anajenga zizi mbali na nyumba yake, ng'ambo ya maji, fisi wajihudumie?

Labda Mzungu alikosea. Nijibu tu kwamba alikosea, nitatulia.

Wako anayekupenda,
Apolonia


Mwalugesha,
12 Novemba 2023

Apolonia,

Marahaba. Mvua zimeanza na zimeanza vibaya. Daraja la miti limechukuliwa, siku mbili hatukuvuka. Sisi wazima.

Ichome ramani hiyo.

Ichome jikoni kwako, mlango ukiwa umefungwa, na picha kama ulipiga kwa simu uzifute. Mimi sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Hapa watu wanatafuta dhahabu kama kuku anavyotafuta mchwa. Wakisikia kuna karatasi ya Mzungu yenye alama kwenye shamba letu, watang'oa minyaa kwa mikono. Pale amelala baba yangu. Sikukudanganya, amelala pale.

Wenzake Luka wamekwenda kwa mganga kule barabarani kuuliza kwa nini mwamba unawakimbia. Amewaambia kuna mtu mzee ameushikilia. Hakutaja jina. Marwa alinisalimia jana akiangalia pembeni.

Paskazia


Shinyanga,
25 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Daktari amenilaza kitandani. Si hospitali, ni kwangu, lakini nimekatazwa safari, ngazi, na kuinua ndoo. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kuja, maana kama ningekuwa na miguu yangu ningekuwa nimeshafika Mwalugesha.

Sijaichoma. Sikia kwanza kwa nini, halafu unilaani.

Rhoda, huyu mwalimu mwenzangu, kabla ya kufundisha aliwahi kubeba vifaa vya watafiti wa miamba huko Geita. Nilimwonyesha. Aliniuliza kwanza kama kuna mtu anaishi hapo. Kisanduku cheusi chenye msalaba ni shimo la mgodi, Shangazi. Namba iliyo pembeni ni kina chake, futi sitini na mbili. Na zile nukta ni njia ya chini kwa chini waliyoichimba kufuata mwamba. Inaanzia kwenye shimo, inakwenda magharibi. Nimepima, nimerudia, nimempa Rhoda naye apime. Inaishia hatua kumi kabla ya jiwe la kuanikia mtama, palepale anapochimba Luka.

Rhoda anasema shimo la zamani namna hiyo limejaa maji ya miaka sabini. Likitobolewa kutoka pembeni, maji hayaji kidogokidogo. Mtu aliye chini hana muda wa kushika kamba.

Nilimpigia Luka Jumatatu. Nilimwambia habari ya njia ya chini tu, mengine sikuyataja. Alicheka, akasema dada, kama Mzungu alipita huku basi dhahabu ipo, asante kwa kutuonyesha. Nikasikia wenzake nao wanacheka. Naogopa kwamba nimewatia hamu badala ya kuwatia hofu. Sasa simu yake haipokelewi.

Wewe ni mama yake. Wewe ndiye uliyeko hapo. Kama unajua kitu juu ya shimo hilo, na mimi naona unajua, mwambie Luka. Au nikubalie nimtume Theonest kwa ofisa wa madini. Nimelala hapa nahesabu siku za mvua kwenye ukuta na nusu ya usiku nasikia maji.

Apolonia


Mwalugesha,
17 Desemba 2023

Mwanangu, ng'wana wane,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa shida, Abdul anasema basi lilikwama Kahama siku tatu. Lala hapo kitandani ulipoambiwa. Usinyanyue hata sufuria. Nimekuwekea asali ya nyuki wadogo, ni ya mtoto, Theonest asiguse.

Ofisa usimlete. Akifika hapa na gari, kila mtu atajua nani amemwita, na mimi nitalala peke yangu nyumba hiihii gari likiondoka.

Nitakuambia mara moja, usiniulize tena. Baba yako hakuyajua, mume wangu hakuyajua, padri hakuyajua.

Mzungu yule aliondoka na mahema yake, akaliziba shimo kwa magogo. Ilikuwa marufuku kwa mtu mweusi kukutwa na dhahabu bila kibali, ilikuwa jela. Baba yangu na mdogo wake Zengo walitoa magogo mawili. Walishuka mchana, ndama wakiwa wanachungwa pale juu ili mpita njia aone ndama tu. Mchungaji nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa mbili. Kuchunga ndama, na kushika kamba. Nikiona kilima kimefunikwa na mvua nivute mara tatu, wapande.

Ndama waliingia kwenye mtama wa mtu. Niliogopa kuchapwa. Niliiachia kamba nikawakimbilia. Huku juu jua lilikuwa linawaka, Apolonia, nakuapia hapakuwa na hata tone. Mvua ilinyesha kule kilimani nyuma yangu. Nilipowarudisha ndama nikakuta kijito kimeshafika mdomoni mwa shimo kinaingia kama maziwa ndani ya kibuyu. Kamba ilikuwa inaelea.

Nilivuta mara tatu. Nikavuta tena.

Mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga. Alikwenda kukata matawi ya minyaa, akayapanda kuzunguka shimo ili ng'ombe wasitumbukie, na udongo akautupia siku nyingi mpaka pakawa sawa. Watu akawaambia mumewe kafa kwa ndui, na shemeji yake kakimbilia kazi za mkonge Tanga. Minyaa ilipokua, watu wakadhani ni zizi la zamani. Tukawaacha wadhani. Miaka yote hii tunammwagia pombe baba, na baba mdogo Zengo hatujawahi kumtaja hata kwa tone, kwa sababu yeye yuko Tanga.

Sasa unaelewa kwa nini jina hilo nalikataa. Na unaelewa kwa nini nimeshindwa kumwambia Luka. Nikimwambia baba yangu alikufa humo akifuata dhahabu, atasikia dhahabu tu. Wenzake watasikia kwamba bibi ana maiti mbili shambani, na mganga ameshawaandaa.

Lakini tufanye mapatano. Wewe ichome ramani, uniapie hakuna kilichobaki. Kisha mimi nitamwambia Luka. Karatasi ikiwepo siwezi kufungua mdomo, kwa sababu akitaka kuhakikisha atakuja kwako, na ataondoka na njia ya kufika alipo babu yake. Ikiwa majivu, itabaki neno langu tu, na yeye ni mwanangu.

Maji yametuama ndani ya boma la minyaa, yamefika kwenye goti. Naenda kuyaangalia kila asubuhi.

Paskazia


Shinyanga,
30 Desemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tarehe ishirini na nne nimejifungua mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu, kwa upasuaji. Analia kwa sauti ya kuuza samaki. Jina bado, tunamwita Baba tu.

Barua yako niliisoma wodini. Nimekaa nayo chini ya mto. Ulikuwa mtoto. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekukumbatia, na wewe nakuogopa kidogo bado, kwa hiyo naandika tu hapa kwamba nimekukumbatia.

Nimeichoma. Juzi, jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kama ulivyosema. Nilisubiri mpaka nyumba ya Masele ikawaka, ikawa ya mwisho, kwa sababu ilikuwa katikati ya mkunjo. Picha za kwenye simu nimezifuta, na Rhoda alifuta yake mbele yangu. Naapa kwa mtoto huyu hakuna kilichobaki.

Upande wangu nimetimiza. Sasa timiza wako, leo, kabla hujamaliza chai. Mwambie Luka.

Apolonia


Mwalugesha,
14 Januari 2024

Apolonia,

Barua hii nimempa kijana wa bodaboda aipeleke Runzewe moja kwa moja, nimemlipa kwa jogoo. Hongera kwa mtoto. Nilitaka kuanza kwa kushangilia, nisamehe, sina vigelegele.

Sikumwambia Luka. Nilijaribu. Nilimwandalia ugali na mlenda, nikakaa, nikasema Luka, babu yako. Akasema ndiyo mama. Nikasema alikuwa mrefu. Hapo nikashindwa.

Nikafanya kitu kingine. Kesho yake nikabeba kigoda changu nikaenda kukaa mdomoni mwa duara lao. Nikashika kamba. Mwigulu akasema bibi unafanya nini, nikasema naota jua. Hapakuwa na jua. Wakazoea. Siku tisa nimekaa pale kuanzia wanaposhuka mpaka wanapotoka, mvua ikinyesha najifunika turubai. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwao napita kwanza kwenye boma la minyaa kuangalia maji.

Alhamisi asubuhi niliingia ndani ya minyaa, maji hayakuwepo. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na pale palipokuwa na maji mpaka gotini palikuwa pakavu, matope yamepasuka katikati kama mdomo. Nilijua yamepata njia ya kwenda. Nilikimbia, mimi na mgongo huu. Walikuwa wameshashuka. Nilivuta kamba mara tatu, nikavuta tena, nikamwita Luka kwa jina ambalo sijamwita tangu alipokuwa ananyonya. Wakadhani nimeanguka juu huko, wakapanda haraka kunisaidia. Luka wa kwanza, Marwa wa pili. Mwigulu alipotoa kichwa, chini yake pakaguna. Ardhi yote iliguna. Maji yakaja mpaka nusu ya duara kwa muda wa kuvuta pumzi moja, yakameza matimba yao yote, na kitochi cha Luka.

Wako hai, Apolonia. Wote watatu. Safari hii sikuiachia.

Tukakaa kwenye tope. Nilidhani watanishukuru. Marwa aliniangalia sana. Kisha akasema, taratibu tu, "Bibi, ulijuaje?"

Niliwaambia juu ya maji ya kwenye minyaa. Wakaenda kuangalia, kumbe mvua ilikuwa imeanza tena na kijidimbwi kimerudi. Hakuna mwingine anayeingia mule, mimi ndiye niliyewakataza miaka yote. Mpaka jioni kitongoji kizima kilikuwa kinauliza swali hilohilo. Wanasema aliyeyaita maji ndiye aliyejua saa yake. Siku tisa alikaa hapo anafanya nini? Mganga amesema alishawaambia.

Usiku huohuo nilimwambia Luka yote, ya baba, ya Zengo, ya ndama. Ananiamini, nadhani. Lakini analala mlangoni na panga, na sijui panga ni kwa ajili ya wanaokuja au ni kwa sababu hawezi kulala chumba kimoja na mimi. Jana alasiri alisema, "Mama, hivyo vyote ni maneno yako. Ungekuwa na kitu cha kuwaonyesha."

Leo asubuhi nimekuta kitu mlangoni. Ni kilekile alichokuta Mama Nelly.

Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mwema, amewatuliza mpaka mkutano wa Jumamosi tarehe ishirini. Nimemwambia kwamba kuna karatasi ya Mzungu, na kwamba mwanangu mwalimu alinionya kwa barua. Akasema barua zote ni zenu wawili, mnaweza kuandika jana. Akaomba karatasi.

Siwezi kuhama. Ukihama ndiyo umekiri. Na sitawaacha wale wawili waliolala kwenye minyaa peke yao tena.

Nilikuamuru uichome, ukaapa umeichoma. Maisha yangu yote sijawahi kumwomba Mungu mtoto awe amenikaidi. Leo naomba. Niambie ulinidanganya, mwanangu. Sitakasirika.

Paskazia


Shinyanga,
18 Januari 2024

Shangazi,

Barua yako imefika jana jioni. Abdul ananiapia kwamba hii ataikabidhi kwa bodaboda kwa mkono wake, haitalala dukani.

Sikukudanganya. Niliichoma, yote, mpaka nikayakoroga majivu. Niliposoma barua yako nilikaa sakafuni, na Theonest akadhani mtu amekufa.

Halafu nikakumbuka madaftari.

Nimeapa hakuna kilichobaki na nilikuwa nasema uongo bila kujua. Watoto arobaini waliinakili ramani ile mwezi wa tisa. Mshono bado unauma, lakini leo tangu alfajiri nimetembea nyumba kwa nyumba na Rhoda, mtoto mgongoni kwake. Wamevuka kidato, madaftari ya mwaka jana yamekwenda kuwashia moto na kufungia maandazi. Nyumba ya kumi na sita nilianza kulia barabarani. Kwa Blessing niliogopa hata kugonga. Mama yake ameyahifadhi yote ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu ni mtoto wake wa kwanza kufika sekondari.

Daftari lake liko mbele yangu. Kilima, kijito, jiwe, nyumba ya Masele. Kisanduku cheusi, msalaba, sitini na mbili. Nukta zote, amezihesabu. Juu ameandika tarehe 7 Septemba 2023, na chini kuna alama yangu, nane kwa kumi, na kwa kalamu yangu nyekundu nimeandika: "Nukta hizi ni nini? Tutauliza." Mkuu wa shule amegonga muhuri na kutia sahihi kwamba kazi hii ilifanywa siku hiyo, miezi minne kabla ya maji. Rhoda anakuja kueleza alama. Hakuna atakayesema tumeandika jana.

Naogopa, Shangazi. Naogopa barabara, naogopa Jumamosi, naogopa kwamba watu hawatataka kusoma. Lakini karatasi ipo.

Tunapanda basi kesho. Usitoke, usimfungulie mtu, hata akisema ametumwa na mwenyekiti. Luka naye abaki na wewe. Mimi sitabisha hodi, maana kila mtu anaweza kubisha hodi. Ukisikia mtoto analia nje ya mlango Ijumaa jioni, ni Masele. Fungua.

Apolonia